Uhasama wa madola makuu ulivyofikisha vita Bungoma na kuzaa mashamba ya Kitale

MWANDISHI mmoja chipukizi aliniletea makala hivi majuzi kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia. Yalikuwa makala mazuri, yenye miaka na majina ya majenerali yaliyopangwa barabara. Lakini katika aya ya tatu aliandika kwamba vita hivyo vilikuwa ugomvi wa Wazungu uliowapitia mbali watu wa magharibi mwa Kenya.

Niliufuta mstari huo. Kazi yetu sisi tunaohariri kurasa ni kufuta, na aghalabu hatupati muda wa kueleza kwa nini. Safari hii nilijiona nina deni, kwa sababu kijana huyo ni mzaliwa wa Kitale, na Kitale anayoijua, yenye mashamba mapana ya mahindi na stesheni yake ya reli, ni zao la vita hivyo hivyo alivyosema havikumhusu.

Makala haya ni malipo ya deni hilo. Swali lenyewe ni la kale: inakuwaje mataifa mawili yanayoshindana kwa biashara, bendera na fahari yafike mahali pa kumwaga damu? Na kwa nini damu hiyo huwa, mara nyingi, ya mtu wa tatu? Si lazima twende Sarajevo kulijibu. Barabara itokayo Mumias ikapita Bungoma na Webuye hadi Kitale yatosha.

BARUA ZILIZOFUNGULIWA MUMIAS

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuigawa bara ya Afrika Mashariki kwa mstari uliotoka mlango wa Mto Umba, ukauzunguka Mlima Kilimanjaro, ukaishia ufukwe wa mashariki wa Ziwa Victoria. Ng'ambo ya ziwa hakukuwa na mstari. Buganda, ufalme uliokuwa na nguvu kubwa katika eneo hilo, ulibaki wazi kwa atakayewahi.

Neno hilo, kuwahi, ndilo ufunguo wa habari yote hii. Uingereza ilikuwa imeikalia Misri tangu 1882 ili kuulinda Mfereji wa Suez, njia yake ya kwenda India. Misri huishi kwa maji ya Mto Nile, na tawi moja la Nile hutoka Ziwa Victoria. Wakuu wa London wakajenga hoja ndefu kama mnyororo: mwenye Buganda ana chemchemi ya Nile, mwenye Nile ana Misri, mwenye Misri ana Suez, na mwenye Suez ana India.

Hoja hiyo ilikuwa na kasoro kubwa. Maji mengi yafikayo Misri hutoka nyanda za juu za Ethiopia, wala si Ziwa Victoria. Isitoshe, katika miaka hiyo hapakuwa na mtu mwenye uwezo wa kuuziba mto ule pale Jinja. Bwawa la Owen Falls lilikamilika mwaka 1954. Lakini kilichowasumbua London hakikuwa kile ambacho mpinzani angeweza kufanya mwaka ule. Kilikuwa kile ambacho angeweza kufanya siku moja, iwapo wangemwachia nafasi.

Mapema mwaka 1890 mbio hizo zilipita kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga. Frederick Jackson, kiongozi wa msafara wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alikuwa amepiga kambi hapo, kisha akaelekea upande wa Mlima Elgon na kaskazini kuwinda ndovu. Alikuwa ameagizwa asiingie Buganda. Nyuma yake zikafika barua kutoka huko, ambako Kabaka Mwanga alikuwa akitafuta msaada dhidi ya wapinzani wake.

Aliyezipata barua hizo hakuwa Jackson. Alikuwa Mjerumani Carl Peters, aliyepanda kutoka pwani kwa njia ya Mto Tana bila baraka za serikali yake mwenyewe. Peters alizifungua barua zisizo zake, akazisoma, akafunga mizigo, akaharakisha hadi Buganda na kutia saini mkataba na Mwanga. Jackson aliporudi Mumias alikuta mwenzake keshapita.

Angalia, msomaji, ni nani aliyekuwa akiamua. Si London wala si Berlin iliyotaka kupigana kwa ajili ya Buganda. Hata hivyo, mtu mmoja mwenye tamaa, akiwa na wapagazi na bunduki chache, aliweza kuyavuta madola mawili makubwa kuliko yote ya Ulaya kuelekea mgongano, kwa sababu tu kila upande uliamini kwamba kuchelewa ni kupoteza.

Vita havikuwaka. Tarehe 1 Julai 1890 serikali hizo mbili zilifunga mkataba. Ujerumani iliacha madai yake juu ya Witu na Uganda, ikakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, nayo ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Karatasi ya Peters ikawa haina thamani.

Wanadiplomasia huusifu mkataba huo kwa kuepusha vita. Ni kweli, uliepusha vita baina ya wale waliotia saini.

CHETAMBE, 1895

Baada ya 1890 Uingereza ilikuwa na Buganda kwenye karatasi, ila kutoka Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,000. Kila bunduki, kila jora la nguo na kila barua ilibebwa kichwani. Njia ikiwa ndefu kiasi hicho, kila jamii inayoishi kando yake hugeuka kuwa suala la usalama machoni pa mwenye njia.

Nahodha Frederick Lugard alifika Kampala Desemba 1890. Mwaka uliofuata alikwenda hadi upande wa Ziwa Albert kuwachukua askari wa Kisudani, mabaki ya jeshi la Misri lililokuwa chini ya Emin Pasha, ambao walikatiwa njia na maasi ya Mahdi huko Sudan. Askari wa dola moja iliyoporomoka wakaajiriwa kuijenga nyingine. Uganda ilipotangazwa kuwa nchi ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1894, Mumias ikawa kituo rasmi, na mwaka 1895 ofisa C. W. Hobley akakabidhiwa usimamizi wake.

Kaskazini ya Mumias waliishi Wabukusu, ndani ya vijiji vilivyozungukwa na kuta za udongo na mahandaki. Kuta hizo hazikujengwa kwa ajili ya Mzungu. Zilijengwa kuwazuia Wamaasai na majirani wengine. Wabukusu hawakuwa raia wa Nabongo Mumia, na hapa pana jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipitia juu juu. Ushindani wa madola hutafuta kuni katika ushindani wa majirani. Mumia alikuwa na jeshi la wageni uani kwake, na uzito wa jeshi hilo ulimwongezea kimo katika ugomvi wa zamani. Simlaumu kupita kiasi. Aliona nguvu imefika mlangoni, akachagua kuwa mwenyeji badala ya kuwa windo. Wabukusu walichagua vingine.

Cheche ilitokana na bunduki. Baadhi ya silaha za askari zilifika mikononi mwa Wabukusu, nao wakakataa kuzirudisha. Kikosi cha Wasudani kilichotumwa kuzitwaa kiliangamizwa huko Lumboka. Jibu lilikuja Agosti 1895. Hobley na maofisa wenzake walikusanya Wasudani, Waganda na wasaidizi wengine, wakaivunja ngome ya Lumboka, kisha wakawafuata waliokimbilia Chetambe, kwenye vilima vilivyo juu ya mji wa sasa wa Webuye. Mamia ya watu waliuawa. Ng'ombe walitekwa, na wanawake na watoto wakachukuliwa mateka.

Nimekipanda kilima hicho mara mbili. Mto Nzoia hupita chini yake, na aliye juu huona mbali. Kila nilipokuwa pale nilijaribu kuufuata mnyororo kwa kurudi nyuma. Mtu aliyeanguka Chetambe aliuawa kwa sababu ya bunduki; bunduki ililetwa na askari kutoka Sudan; askari aliletwa kulinda njia; njia ilikuwa ya Buganda; Buganda ilitakiwa kwa sababu ya Nile, Nile kwa sababu ya Suez, na Suez kwa sababu ya India. Mtu huyo hakuwa na ugomvi na Mjerumani wala Mfaransa.

Mfaransa naye alikuwamo. Mwaka 1897 Uingereza ilimtuma Meja Macdonald kutoka Afrika Mashariki aelekee sehemu za juu za Nile kabla Wafaransa hawajafika. Wasudani wale wale, wakiwa wamechoshwa na safari zisizokwisha na ujira duni, waliasi huko Eldama Ravine Septemba mwaka huo na kwenda hadi Busoga, ambako maofisa wa Kiingereza waliuawa. Msafara ukakwama. Ushindani wa London na Paris ulikuwa umezaa vita tena, na kwa mara nyingine waliopigana walikuwa watu wasioijua London wala Paris.

Wenyewe kwa wenyewe hawakupigana. Majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalikutana uso kwa uso huko Fashoda, nchini Sudan, Septemba 1898, magazeti ya pande zote yakidai vita. Ufaransa ilipiga hesabu. Manowari zake zilikuwa chache, nchi ilikuwa imegawanyika vibaya kwa kesi ya Dreyfus, na nyuma yake alikuwapo Mjerumani. Kabla ya mwaka kwisha wanajeshi wake walikuwa wameondoka. Hasira ya 1898 haikupungukiwa chochote na ile ya 1914. Kilichotofautiana ni hesabu: Paris iliona kwamba kungoja kulikuwa rahisi kuliko kupigana.

Kabla ya kuendelea, niweke pembeni tukio moja la kiofisi ambalo tutalihitaji baadaye. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901. Ili njia yote iwe chini ya utawala mmoja, tarehe 1 Aprili 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda, uliofika hadi Bonde la Ufa, ulihamishiwa katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Bungoma ya leo ilikuwamo, na Kitale pia. Hakuna mwenyeji aliyeulizwa.

WALIOBEBA VITA KICHWANI

Uingereza na Ufaransa zilipatana mwaka 1904. Mapatano hayo yalipunguza hatari moja na kuongeza nyingine, kwani Ujerumani ilianza kujiona imezingirwa. Ilijaribu urafiki huo mpya kwa ugomvi wa Moroko mwaka 1905 na tena 1911. Mara zote mbili iliuimarisha badala ya kuuvunja. Kwenye bahari ilishindana na Uingereza kuunda manowari. Nchi kavu iliitazama Urusi ikijenga reli na kuongeza wanajeshi, na wakuu wa jeshi lake wakasadiki kwamba baada ya miaka michache hawataweza tena kuishinda. Ikiwa vita havina budi kuja, walisema, basi heri vije sasa.

Ndiyo mantiki ya Carl Peters pale Mumias, ila safari hii ilishikwa na majeshi ya mamilioni. Mwanamfalme wa Austria aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Tarehe 4 Agosti Uingereza iliingia vitani.

Afrika Mashariki ingeweza kuachwa nje. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa na kifungu kilichoruhusu makoloni ya sehemu hii yasishiriki vita vya Ulaya, na gavana wa Kijerumani wa Dar es Salaam, Heinrich Schnee, alipenda kukitumia. Lakini tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza iliupiga mizinga mji huo. Katikati ya Agosti Wajerumani waliingia Taveta, na mwezi Septemba walikuwa Kisii. Kutoka kifo cha mwanamfalme hadi mapigano ya Kisii haikufika miezi mitatu.

Mapigano yenyewe hayakufika Bungoma. Vita viliifikia kwa njia nyingine, ya kuchukua watu. Kwa sababu ya mbung'o, farasi na maksai walikufa upesi katika nyika za Tanganyika, hivyo mzigo wa jeshi ukarudi kichwani mwa binadamu kama enzi za misafara. Uingereza ilitumia wapagazi wapatao milioni moja kutoka makoloni yake ya sehemu hii. Mwaka 1917 kazi ya kuwakusanya kwa wingi ilipewa John Ainsworth, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza. Alijua wapi watu walikuwa wengi, na mkoa huo, uliowajumuisha Wabukusu wakati huo, ulitoa sehemu kubwa ya wapagazi.

Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na chakula kisichoiva. Makadirio ya wanahistoria kwa upande wa Uingereza pekee yanakaribia watu laki moja. Kamanda wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, alisalimisha silaha huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya Ulaya kunyamaza, maana yake kuna wapagazi waliokufa katika vita vilivyokuwa vimekwisha.

Kumbukumbu iliyobaki mijini ni jina la kikosi chao: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba angalau watu 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa majina yao popote, na pengine hawakukumbukwa kabisa.

MSHAHARA WA USHINDI

Vita vilipomalizika Uingereza ilitaka kuwalipa wanajeshi wake. Mwaka 1919 ulianzishwa mpango wa kuwagawia ardhi ya Kenya wanajeshi wastaafu Wazungu, na Trans Nzoia, nchi iliyokuwa malisho ya Wasabaot na jamii nyingine, ikawa miongoni mwa maeneo yaliyogawiwa. Walowezi wachache walikuwa wamefika kabla ya 1914. Baada ya mpango huo walikuja kwa wingi, wakiwa na vyeo vyao vya kijeshi, na mji wa Kitale ukakua kuwahudumia. Reli iliufikia mwaka 1926. Mwaka huo huo luteni kanali mmoja mstaafu, Hugh Stoneham, alifungua makumbusho ya vitu alivyokusanya, ambayo ndiyo mzizi wa makumbusho ya Kitale hadi leo.

Wapagazi hawakugawiwa ardhi. Walipewa kipande, kile cheti cha kuvaliwa shingoni kilichoanza kutumika mara tu baada ya vita, na kodi iliyowalazimu kutafuta ujira. Wabukusu wengi walivuka kwenda Trans Nzoia kuwa vibarua na maskwota katika mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Mtoto wa aliyebeba mizigo ya luteni akawa mkamuaji wa ng'ombe wa luteni.

Vita vya Pili navyo vilipita hapa. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, Kitale ilikuwa mwisho wa reli, na barabara ya kwenda Lodwar na mpaka wa Uhabeshi ilianzia hapo. Serikali ilidai wanaume tena. Mmoja aliyekataa alikuwa Elijah Masinde wa Kimilili, aliyewahi kuichezea Kenya kandanda, kiongozi wa Dini ya Msambwa. Alikamatwa na kufungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Alipoachiliwa mwaka 1947 aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi watu waliokusanyika Malakisi, wakaua 11. Dini hiyo ikapigwa marufuku na Masinde akapelekwa uhamishoni Lamu.

Wakoloni walimwita kichaa. Mimi naona alikuwa na kumbukumbu nzuri ya nani alimfanyia nani nini, na kwa sababu gani.

AMIN YULE YULE, MIPAKA MIWILI

Sasa turudi kwenye ule uhamisho wa 1902. Februari 1976 Rais Idi Amin wa Uganda alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, karibu kufika Nairobi, kihistoria ilikuwa ya Uganda. Kuhusu ramani ya zamani hakusema uongo. Waliokuwa watoto Bungoma na Kitale wakati huo wanakumbuka hofu ya miezi ile, hasa walioishi karibu na Lwakhakha na miteremko ya Elgon, ambako Mbukusu na Mgisu ni ndugu na Msabaot ana jamaa zake Sebei.

Rais Jomo Kenyatta alijibu kwamba Kenya haitatoa hata inchi moja. Maandamano yalifanyika, na wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walikataa kugusa mizigo ya Uganda. Baada ya makomando wa Israel kuvamia Entebbe usiku wa kuamkia Julai 4, na ndege zao kupitia Nairobi, chuki ilipanda mno. Wakenya waliokuwa Uganda waliuawa. Kenya ilibana mafuta na mizigo ya jirani yake. Agosti 1976 pande mbili zilitia saini mapatano jijini Nairobi, na madai ya mpaka yakafifia.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 1978, Amin alivamia Tanzania na kutwaa eneo la kaskazini ya Mto Kagera. Eneo hilo nalo lilitokana na kalamu za 1890: Waingereza na Wajerumani waliufuata mstari ulionyooka kusini kidogo ya ikweta badala ya kuufuata mto unaopindapinda. Safari hii vita viliwaka kweli kweli. Majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979.

Wapo wanaosema vita ni tabia ya viongozi: Amin alikuwa mkorofi, basi. Lakini ni Amin yule yule. Mwaka 1976 alikuwa na madai ya ardhi, jeshi na hasira, akarudi nyuma. Mwaka 1978 alikuwa na hayo hayo, akavuka mpaka.

Tofauti ilikuwa katika gharama. Petroli ya magari yake ya kijeshi ilitoka Mombasa, na Kenya ilimjibu kwa kufunga bomba badala ya kurusha risasi. Tanzania haikuwa na mkono wa namna hiyo juu yake. Biashara ya Uganda haikupitia huko kwa kiasi cha kumtisha, na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ingewakutanisha, ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Milton Obote aliyempindua alikuwa mgeni wa Mwalimu Nyerere. Ndani ya jeshi lake mwenyewe palikuwa na maasi. Kungoja kulimtisha kuliko kupigana, kama Ujerumani ya 1914.

Kuna pingamizi, nami sitalikwepa. Uingereza na Ujerumani zilifanya biashara kubwa sana kabla ya 1914, na haikuzizuia. Ni kweli. Ila kila upande uliamini vita vingekwisha upesi, na biashara ingesubiri. Tangi la petroli likikauka halisubiri. Si kila biashara huzuia vita. Ile inayoweza kumkwamisha mwenye bunduki wiki hiyo hiyo ndiyo yenye nafasi.

Wakati wakubwa wakitukanana redioni, wadogo walikuwa Chepkube. Baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil Julai 1975, bei ya kahawa duniani ikapaa, na mkulima wa Uganda akawa analipwa na serikali yake malipo ya dhihaka. Magunia yakavuka mpaka usiku, kwa migongo, punda na baiskeli, hadi soko hilo dogo la Bungoma lililogeuka kuwa machimbo ya dhahabu. Ilikuwa magendo, sina nia ya kuitakasa, na baadhi ya nyumba zilizojengwa wakati huo bado zinawafanya watu wanong'one. Lakini kwa hesabu yangu wale wabebaji walijua mapema kuliko mawaziri kwamba mpaka ule haukuwa na faida ya kupiganiwa.

MAJI YALE YALE

Nimeanza na Nile, na kwa bahati mbaya Nile haijaisha. Mwaka 1929 Uingereza, kwa niaba ya makoloni yake, ilikubaliana na Misri kwamba hakuna kazi itakayofanywa juu ya mto, vijito vyake na maziwa yake iwapo itaipunguzia Misri maji bila ridhaa ya Cairo. Misri imeendelea kuyashikilia makubaliano hayo. Ethiopia, ambayo haikuhusika nayo, ilizindua rasmi bwawa lake kubwa la Renaissance Septemba 2025, baada ya zaidi ya miaka 10 ya ujenzi na mazungumzo yaliyovunjika mara kwa mara. Cairo imelitaja bwawa hilo kuwa tishio kwa uhai wake. Ni hofu ile ile ya 1890, ya kile ambacho mwingine anaweza kufanya siku moja, isipokuwa sasa ukuta upo na maji yamejaa nyuma yake.

Mto Nzoia hukusanya maji ya Cherangani na ya Elgon, ukapita mashamba ya Trans Nzoia, ukateremka chini ya Chetambe na kumwagika Ziwa Victoria huko Budalangi. Kwa hiyo mkulima wa Kitale anayetaka kumwagilia shamba lake anayagusa maji ya Nile, na kwa tafsiri ya Misri ya mkataba wa 1929 ana mtu wa kumwomba ruhusa.

Mkataba mpya wa ushirikiano wa nchi za bonde la Nile ulianza kutumika Oktoba 2024, baada ya nchi 6 kuuidhinisha: Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini. Kenya, iliyoutia saini Mei 2010, haikuwamo katika orodha hiyo.